Shikamoo ya Mapendo

Siku ya kuniaga ofisini, vijana waliniomba niseme maneno mawili matatu. Nilisimama, nikafungua mdomo, nikalia, nikakaa. Keki ikakatwa, nikalishwa kipande kikubwa kuliko mdomo wangu, picha zikapigwa, tukatawanyika. Sasa nipo nyumbani kwangu hapa Ifakara, kuku wameshakula, mpunga uko ndani, na hakuna mtu wa kunikatiza kwa makofi. Maneno mawili matatu yenyewe ni haya. Yakizidi mtanisamehe, mstaafu hana haraka.

Wengi mnanijua kwa jina la Mama Nolasko. Nilianza kazi nikiwa muuguzi, nikaja kusomea ustawi wa jamii ukubwani, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya na wakimbizi waliobakwa vitani. Naandika "waliobakwa" kwa makusudi, maana nyinyi wadogo zangu mmezoea kuandika "walipitia changamoto", mpaka msomaji hajui kama mama wa watu alinyang'anywa mbuzi au alifanywa nini. Karatasini andikeni kitu kwa jina lake. Ila ukiwa mbele ya mgonjwa, usiwe na neno lako kabisa, subiri la kwake. Nalisema hili mapema kwa sababu kisa ninachotaka kuwaachia ni kisa cha neno moja, tena neno zuri.

Mimi ni mtoto wa Lupiro, ng'ambo ya mto. Siku yangu ya kwanza kazini nilivuka kwa kivuko, daraja hata kwenye ndoto halikuwepo, nikiwa na baiskeli ya kaka na sare mpya ndani ya mfuko wa plastiki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilipofika wodini sare ilikuwa kavu lakini mimi nilikuwa na tope mpaka magotini. Aliyenipokea ni muuguzi kiongozi, Mama Agripina, Mpogoro wa Mahenge, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Nilimwamkia, akaitikia, akaniangalia miguu.

"Kanawe," akasema, "halafu uje ukae na huyu mama."

Nilinawa, nikarudi, nikavuta kiti kando ya kitanda cha mgonjwa. Mama Agripina akakiondoa kiti hicho kwa mguu wake na kunisogezea kigoda.

"Hapo. Ukikaa juu ya mgonjwa unakuwa polisi."

Hiyo ndiyo semina yangu ya kwanza, na sikulipwa posho. Nimehudhuria semina nyingi baada ya hapo, nyingine hotelini kwenye viyoyozi, sikupata somo lililonifaa kuliko lile. Kigoda kile nilikwenda nacho kila nilipohamishwa. Nimekiacha ofisini nyuma ya kabati, na nimesikia mmeanza kuwekea chupa ya chai. Naomba kirudishwe kwenye kazi yake.

Mama Agripina alikuwa na ugonjwa mwingine, wa kusoma kanga. Mgonjwa anayekuja kuchunguzwa hupewa kanga ajifunike kabla hajaulizwa lolote, na yeye hakuruhusu kanga yoyote iingie wodini bila kusoma maandishi yake. Tulimcheka. Siku moja msamaria mwema, mfanyabiashara wa hapa mjini tuseme, alituletea robota zima la kanga mpya, nzuri, nzito. Mama Agripina akafungua moja, akavaa miwani, akasoma: "Kisebusebu na kiroho papo." Yaani mtu anakataa kwa mdomo huku moyo wake unataka. Akatutazama mmoja mmoja. Katika wodi ile siku hiyo alikuwepo binti aliyeletwa kutoka upande wa mashamba ya miwa, na sote tulijua kilichomleta. Hakuna aliyecheka tena. Kanga zile zote zilichanwa zikawa matambara ya kudekia, na msamaria aliandikiwa shukrani za kutosha.

Yeye ndiye aliyetoa jina langu shirika moja lilipotafuta wauguzi wa kwenda kambini Kigoma. Nilimwambia naogopa. Akasema hata yeye angeogopa, ndiyo maana anamtuma mwingine. Nikafunga mizigo, kigoda juu.

Kambini nilijifunza Kiswahili upya. Wakongo wanasema Kiswahili, lakini si hiki cha kwetu, na kitu kilichonitesa zaidi ni salamu. Wao hawana shikamoo. Mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi unamwambia "Jambo, Papa," naye anafurahi kabisa. Mimi niliyelelewa Lupiro, ambako mtoto aliyepita bila kuamkia alirudishwa njia nzima akaamkie, nilijiona natukana watu toka asubuhi hadi jioni. Na nikiwaamkia kikwetu, wao wananitazama kama niliyeomba kitu wasichonacho.

Nilijifunza pia kusikia. Wanawake wengi waliokuja hawakusema walibakwa. Walisema kichwa kinauma, tumbo linachoma, usingizi hauji. Wanaume walisema mgongo. Alikuja mzee mmoja, mwalimu huko kwao, mtanashati, kila wiki na mgongo wake. Tulimpa dawa ya kuchua mpaka kliniki nzima ikanuka mentholi. Siku moja niliacha kumuuliza habari za mgongo, nikamuuliza kama ana mtu wa kula naye. Akasema haketi kula na mke wake tangu siku ile, kwa sababu mke wake aliona. Sikumwomba aongeze. Wiki iliyofuata alikuja na mke wake, na mgongo ukaanza kupoa. Tangu hapo mwanaume akiniambia mgongo, nampa dawa ya mgongo, halafu nakaa.

Niliporudi Ifakara nilipewa ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama banda la baiskeli. Nilidhani habari za vita nimeziacha magharibi. Kumbe daktari bingwa aliyekuwa akija kwetu mara moja moja kutibu fistula alikuwa na jina, hasa kwa wale waliowahi kufanyiwa upasuaji mahali pengine bila kupona. Fistula ni tundu linaloacha mkojo utoke wenyewe, usiku na mchana. Wengine huipata kwa uzazi mgumu, wengine kwa unyama. Basi kambini walianza kutuletea wanawake, wachache wachache, kila mmoja na kibali chake, maana mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali kina mwisho.

Mapendo alikuja hivyo. Hilo si jina lake la kweli. Nilimpigia simu kumwomba ruhusa ya kuandika haya, akakubali, akachagua jina mwenyewe, na akaniambia niseme kwamba alikuwa fundi cherehani hodari. Alikuwa fundi cherehani hodari. Alitoka Kivu, umri wake kama miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye kicheko cha ghafla kinachomshtua hata yeye. Tangu yale yaliyompata alikuwa akivuja. Kila siku aliamka kabla ya jogoo, akafua vitambaa vyake, akaanika nyuma ya nyumba, akaoga, akajipaka mafuta, akavaa kama mtu anayekwenda kanisani. Nimewaona watu wenye afya zao wasiojitunza nusu ya vile. Nilimheshimu kabla sijamjua.

Tulimpangia chumba kwa Mama Kulwa, hatua chache kutoka hospitali. Mama Kulwa ni Msukuma. Yeye na mumewe walikuja bondeni na ng'ombe, ng'ombe wakapungua, mume akafariki, yeye akajenga nyumba akaanza kuuza mchele sokoni. Ni mama wa makamo, mwili wa haja, sauti inayofika Kiberege bila simu. Watoto wake wakubwa walikuwa wameshatawanyika, amebaki na vitinda mimba wake, Kulwa na Doto, mapacha wa kike wa shule ya msingi, waliofunzwa adabu za kwao zote. Mtoto wa Kisukuma hamwamkii mkubwa amesimama kama mlingoti. Anapiga goti.

Siku za mwanzo zilikuwa njema. Mapendo alionja kisamvu cha Mama Kulwa akasema, "Mama, hii sombe mumepika kama dawa ya minyoo," akachukua sufuria akakipika upya kwa mawese, na mtaa mzima ukaomba kuonja. Akakarabati cherehani mbovu iliyokuwa imekaa uvunguni. Daktari bingwa alikuwa anatarajiwa baada ya majuma machache, nafasi ya Mapendo ilikuwepo, na kibali chake kilikuwa kinaisha muda mfupi tu baada ya daktari kuondoka. Akikosa safari hii, angerudi kambini na kuanza kuomba upya, na hakuna aliyeweza kumwahidi kwamba angepewa tena.

Tatizo lilianza na mapacha. Asubuhi wakienda shule walikuja mlangoni kwake, wakapiga magoti pale miguuni pake wote wawili kwa pamoja, wakasema, "Shikamoo, Mama!" Mapendo akarudi nyuma, akafunga mlango. Jioni vilevile. Kesho yake vilevile. Watoto wakadhani hawakusikika, wakawa wanasogea karibu zaidi na kupaza sauti.

Kwetu hilo si jambo dogo, mnajua. Mtu mzima akikataa kusema marahaba, ni kama amemtemea mtoto mate. Majirani wakaanza. Wengine walisema mgeni anaringa, wengine kwamba wenye mambo yao ya giza hawaitikii salamu za watoto. Mama Kulwa mwenyewe aliamua kutumia wema. Akamketisha Mapendo, akamweleza: "Najua kwenu haipo hii. Ni heshima tu. Maana yake mtoto anasema, nashika miguu yako. Wewe unajibu marahaba, basi." Kuanzia siku ile Mapendo hakutoka nje kabisa. Chakula kilirudi jinsi kilivyokwenda.

Mama Kulwa akaja ofisini kwangu, amevaa kanga za kwendea msibani, nikajua pana kazi.

"Mama Nolasko, za hapa?"

"Salama, dada. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kukuambia, yule mgeni wako amenishinda. Kunuka mkojo sijasema, na sitasema, ni ugonjwa, hata mimi naweza kuugua. Lakini watoto wangu wanapiga magoti mtu anawafungia mlango usoni! Doto jana amelia. Ananiuliza, mama, sisi tuna nini? Sasa na mimi nakuuliza wewe, watoto wangu wana nini?"

Sababu nilikuwa siijui bado. Na hata ningeijua isingekuwa yangu kuitoa, maana ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nilimwomba avumilie siku chache.

"Siku chache," akasema. "Zikiisha, umtafutie pengine."

Pengine hapakuwepo. Nyumba mbili za jirani zilikuwa zimeshakataa wagonjwa wetu kwa sababu ya harufu. Jioni ile nilikwenda kwa Mapendo, nikakaa kwenye kigoda changu. Alikuwa anakunja nguo zake kwenye begi.

"Mama, minataka kurudia kambini," akasema.

"Na daktari?"

"Atanisamehe."

"Watoto wamekukosea?"

Akatikisa kichwa haraka. "Hapana. Batoto habana kosa. Batoto bazuri sana." Akaendelea kukunja. Nilikaa naye mpaka giza likaingia, nikamwomba jambo moja tu, aje kesho kwenye uchunguzi wa kwanza kama ilivyopangwa, halafu ndipo aamue. Alikubali kwa kunionea huruma, nadhani. Sura yangu ilikuwa imenywea.

Kesho yake alikuja. Muuguzi aliyekuwa zamu ni Rehema, binti mpole, mikono yake laini mpaka watoto wachanga walikuwa wananyamaza akiwabeba. Kila kitu kilifanywa vizuri. Kanga ilitolewa, na niliisoma. Pazia lilivutwa, mlango ulifungwa, komeo upande wa ndani. Mapendo akapanda kitandani, akalala, akafumba macho. Rehema akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama tulivyosema sote maelfu ya mara katika maisha yetu ya kazi:

"Hebu shika mguu huo."

Mapendo alikuwa kwenye kona ya chumba kabla kitanda hakijaacha kutikisika, amejikunyata sakafuni. Na mikono yake alikuwa ameiweka masikioni.

Nimeona watu wengi wakiogopa. Mtu anayeogopa kuguswa hujifunika mwili, anayeogopa kipigo hujikinga kichwa. Huyu alikuwa ameziba masikio. Niliwaomba wote watoke. Nikakaa sakafuni, maana siku hiyo hata kigoda kilikuwa juu mno. Alipoanza kupumua vizuri nikamuuliza, "Ni neno?"

Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akasema, akitazama ukuta, "Bale batu balikuwa banaambiana ivo. Shikeni miguu. Mumoja anasema, bengine banashika." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Sasa ule mama mwenye nyumba ananiambia, batoto banasema banashika miguu yangu. Kila asubui, Mama. Na bako chini, pale pale, kwa miguu. Batoto bazuri vile. Sitaki baone sura yangu."

Hayo ndiyo yote aliyowahi kuniambia kuhusu siku ile, na yalitosha. Kumbe alikuwa hafungi mlango kwa hasira. Alikuwa anawafungia watoto wa mwenzie wasije wakaona hofu usoni pake wakadhani ni yao. Kila asubuhi alilisikia neno lile, tena kutoka kwa midomo isiyo na hatia, na hakuwahi kuwafokea hata mara moja. Nilijisikia mdogo pale sakafuni, na nilimpenda sana.

"Naweza kumwambia daktari?" nikamuuliza. "Neno tu, si habari yenyewe."

Alifikiri. "Neno tu," akasema.

Daktari bingwa alipofika nikamweleza kwamba kuna mgonjwa hawezi kusikia neno "shika", wala kushikwa mguu. Alikuwa mtu wa maneno machache, Mngoni, watani wa kabila langu, na nilikuwa tayari kumgombeza. Hakuniuliza kwa nini. Alisema, "Basi miguu ataweka mwenyewe."

Ni rahisi kusema. Mnajua jinsi upasuaji ule unavyokuwa: mgonjwa huchomwa sindano ya mgongo, halafu miguu yake hunyanyuliwa na kuwekwa juu kwenye vyuma, na wanaoinyanyua ni sisi, kwa sababu ganzi imeshaanza. Daktari akasema kuna nafasi ndogo kati ya sindano na ganzi, akizoea ataiwahi. Kwa hiyo siku moja kabla, Mapendo akaja chumba cha upasuaji amevaa nguo zake zote na viatu mkononi. Akapanda. Akaweka mguu mmoja, akaushusha. Akaweka wa pili, akashusha yote. Akarudia mwenyewe, mara kadhaa, mpaka akatoa kile kicheko chake. "Kama kuendesha cherehani," akasema.

Wakati yeye anafanya mazoezi, na sisi tulikuwa na yetu. Jaribuni siku moja kufanya kazi ya hospitali bila neno "shika". Shika mkasi, shikilia hapa, nishikie taa. Rehema akapendekeza "kamata", tukamzomea wote. Tukaafikiana kwenye "pokea" na "naomba". Chumba kikawa na adabu kama cha watawa. Mtu wa dawa za usingizi alijisahau, akasema, "Nishi..." akakatiza, akamalizia, "Nisitiri na hiyo taa." Mpaka leo hospitalini pale taa wanaita sitara, na hakuna kijana anayejua sababu. Sasa mnajua.

Lakini kabla ya mazoezi hayo ilibidi nimalizane na Mama Kulwa, maana siku zake chache zilikuwa zimekwisha. Nikamfuata sokoni, nikanunua mchele ambao sikuuhitaji, nikamuuliza kwao watoto wanasalimiaje.

"Kisukuma? Asubuhi, mwangaluka. Mchana, mwadila. Kwani vipi?"

"Watoto wamsalimie Mapendo hivyo. Tena wamesimama. Shikamoo kwao haipo, inampa tabu."

Aliniangalia, kopo la kupimia mchele likiwa hewani. Wateja wawili wakasubiri.

"Mama Nolasko," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema polepole, "mimi nimetoka kwetu na ng'ombe nikapita kwenye ardhi za watu wengi. Mtu anayeringa namjua, na mtu anayeogopa namjua. Sikuombi siri za mtu. Nataka neno moja tu, kwamba si watoto wangu."

"Si watoto wako."

"Basi." Akamwaga mchele kwenye mfuko wangu, akaongeza konzi moja juu. "Akae mpaka apone."

Nilikuwepo asubuhi iliyofuata. Mapacha walisimama mbali kidogo na mlango, wameshikana mikono, wamefundishwa wakafundishika. "Mwangaluka, Mama!" Mlango ulikuwa wazi nusu. Kisha kutoka ndani, kwa lafudhi ambayo Usukumani wasingeitambua, "Mwangaluka!" Watoto wakaangua kicheko, naye akacheka. Kufikia Jumapili alikuwa amejifunza kuhesabu kwa Kisukuma, na Doto alikuwa amejifunza kutunga uzi kwenye sindano.

Siku ya upasuaji nilisimama upande wa kichwa chake. Sindano ilipochomwa akalala, akavuta pumzi, akanyanyua mguu wa kulia akauweka juu ya chuma, kisha wa kushoto, ukiwa umeanza kuwa mzito mpaka akausaidia kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyesogea. Akasema, "Tayari." Daktari akasema, "Asante, Mama." Mimi niko nyuma ya barakoa nalia, na miwani imeingia ukungu, sikuona kitu kingine chochote. Tangu siku ile, kwa agizo la daktari, mwanamke yeyote anayechunguzwa pale huambiwa aweke miguu mwenyewe, na aseme akiwa tayari. Mkiona wageni wanashangaa, waambieni ni utaratibu wa hapa.

Mipira ya mkojo aliyowekewa baada ya upasuaji ilipotolewa, tulingoja kuona kama atavuja. Wauguzi waliopata kutunza wagonjwa hawa wanajua kungoja kule, mtu unaingia wodini asubuhi na kutazama shuka kabla ya kutazama uso. Mapendo alikuwa ameketi kitandani, amelitandua shuka lote na kuliweka mapajani. Alilinusa. Akanipa na mimi nilinuse. Lilinuka sabuni tu. Tulipokezana shuka lile kama watu wawili wanaonunua kitambaa.

Kibali chake kikaisha. Siku ya kuondoka gari la shirika lilikuwa linamsubiri mbele ya nyumba ya Mama Kulwa. Mapendo alikuwa amewashonea mapacha magauni ya kufanana, wameyavaa, wanajizungusha. Mama Kulwa alikuwa amefunga mchele kwenye kiroba na kuku miguu juu, ingawa dereva alikuwa ameshasema kuku hapandi. Nilikuwa nasimamia mizigo. Mapendo akaja akasimama mbele ya Mama Kulwa. Akakunja goti kidogo, taratibu, kama nilivyomwona akiweka mguu juu ya kile chuma.

"Shikamoo, Mama," akasema.

Nilishusha begi. Mama Kulwa, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwambia chochote, naye akashusha kiroba. "Marahaba, ng'wanawane," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Mapacha wakasikia. Watoto ni watoto, wakadhani mambo ya Kisukuma yamekwisha, wakakimbia na magauni yao mapya, wakapiga magoti mavumbini pale pale miguuni pake. "Shikamoo, Mama Mapendo!"

Nilipiga hatua kwenda kuwanyanyua. Mapendo akaniinulia kiganja, nikasimama. Akawatazama vichwa vyao vilivyoinama. Hakurudi nyuma.

"Marahaba, batoto," akasema. Halafu akanigeukia. "Ndiyo banajibu ivo?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Tunajibu hivyo hivyo."